Tuliombea Chai, Tukafuta Seva

Namshukuru Mungu wa rehema, aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno ya kutosha kutafuna mahindi ya kuchoma na akili ya kutosha kukumbuka makosa yangu. Sifa zote ni zake, yeye anayetunza majina yetu bila diski, bila stima, na bila kumwita fundi siku ya Jumapili.

Vijana wa darasa la kompyuta la kanisani kwetu, hapa Riruta Satellite, wameniomba niandike niliyojifunza kazini. Nadhani walitaka niwapangie amri za Unix, mfumo unaoendesha seva, moja baada ya nyingine. Hizo mtazipata kwenye simu zenu kabla sijamaliza kutafuta miwani. Mimi nitawapa kitu ambacho simu haina, nacho ni aibu yangu.

Nilitunza seva ya kliniki moja ndogo huku Kawangware mpaka nilipostaafu. Seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta ambayo kompyuta nyingine zote huikimbilia kuuliza mambo, kama ploti nzima inavyomkimbilia mtunza nyumba kuuliza maji yatakuja lini. Yetu ilikaa katika chumba kilichokuwa cha mifagio, na kwa kuwa hakuna aliyeiambia mifagio ihame, tuliishi nayo kwa amani miaka yote. Ukiingia kwa haraka, mopu ilikuangukia begani. Wageni walishtuka. Sisi tulishazoea, tukawa tunaiambia pole.

Seva hiyo tuliipa jina Baraka. Alikuwa na pacha wake, Neema, katika kliniki dada kule Kibera. Walinunuliwa siku moja, wakawekewa programu zilezile kutoka kwa mkono uleule, na mkono huo ulikuwa wa Mama Kavata.

Mama Kavata ni mtu wa Kitui, mimi ni wa Machakos, na ingawa ni mdogo kwangu kwa umri, namwita Mwalimu mpaka leo. Nilikuja kwake nikiwa fundi wa mashine za taipu, kazi iliyokuwa imekwisha chini ya mikono yangu. Nilidhani kompyuta ni taipu yenye kiburi. Wiki ya kwanza niliandika amri ya kuchapisha kadi moja ya mgonjwa, nikabonyeza Enter kabla sijaisoma, na mashine ikaanza kuchapisha kadi za wagonjwa wote tangu kliniki ifunguliwe. Sikujua namna ya kuisimamisha. Nilisimama mbele ya printa nikiipokea karatasi moja moja kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea wageni mlangoni. Mama Kavata alinikuta hapo. Hakunikaripia. Alichomoa waya, akakaa, akanipa sheria ambayo imenilinda miaka yote isipokuwa siku moja.

Sheria yenyewe ni hii. Amri yoyote ya hatari isiandikwe na mtu mmoja. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti, herufi kwa herufi, hata nafasi na nukta. Msomaji akiridhika aseme Amina. Mwandishi akisikia Amina, ndipo abonyeze Enter. Bila Amina, vidole vikae juu ya kibodi vikisubiri, kama ndege kwenye waya wa stima.

Ilikuwa sheria nzuri. Hata kile kitufe chenyewe tuliacha kukiita Enter, tukakiita Amina. Ungesikia mtu akisema, Amina ya kompyuta ya mapokezi imekwama, imemwagikiwa uji.

Sasa niwaeleze ile siku moja.

Msaidizi wangu wakati huo alikuwa Ouma, mtu mzima mwenye watoto wawili, kutoka upande wa ziwa, mchapaji hodari kuliko mimi na mcheshi kupita kiasi. Alikuwa ameweka ndani ya Baraka mchezo alioutunga mwenyewe, ng'ombe aliyechorwa kwa vistari na herufi. Kila asubuhi Ouma alimwita, na ng'ombe alitokea kwenye skrini akisema, "Niaje Ouma." Nilimwambia mara nyingi kwamba mashine ya wagonjwa si zizi, amtoe yule mnyama. Naye kila mara alinijibu kwa adabu, "Nitamtoa, Mzee," na kesho yake namsikia akisalimiana naye. Mshikeni ng'ombe huyo. Atarudi.

Ilikuwa asubuhi ya chanjo. Benchi la nje lilikuwa limejaa akina mama, watoto wakilia kwa zamu kana kwamba walipangiwa. Matron Nafula, mkuu wa kliniki na ndiye aliyedunga sindano, alichungulia kwenye chumba chetu cha mifagio akasema Baraka amekataa kuandika watoto. Tulitazama. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Kulikuwa na nakala za zamani za mfumo, zilizowekwa kando tulipoweka mfumo mpya, na hakuna aliyekumbuka kuziondoa. Nikasema tuzime programu ya kadi kwa dakika chache, tuondoe uzee huo, tuiwashe tena.

Tukaizima. Muda uleule akaja Mama Pacha.

Jina lake halisi sikulijua. Mtaa mzima wa Kawangware 46 humwita hivyo. Anakaa Kabiro, hapo jirani, na anauza mandazi. Alikuja na wanawe Opiyo na Odongo, watoto wa miezi kumi waliofanana kama mandazi mawili ya karai moja, na mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Mwezi uliopita walikuwa wameletwa wote wawili kudungwa chanjo ya surua. Mmoja alidungwa. Mwingine alikuwa na joto jingi siku hiyo, akaambiwa arudi akipona.

Shida ilikuwa, ni yupi?

Kadi zao za karatasi zilikuwa zimeanguka kwenye karai la mafuta, zikatoka zimeiva. Mama Pacha alizileta zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, rangi ya kahawia, zikinukia vizuri, na hakuna neno lililosomeka. Mama Pacha alisema aliyedungwa ni Opiyo. Dani alisema ni Odongo, na kwamba yeye ndiye aliyemshika mguu, na mguu aliushika kwa mkono huu. Mama Pacha akasema mkono huo siku hiyo ulikuwa umeshika simu.

Matron aliwaeleza mambo yalivyo. Chupa ya dawa ikishafunguliwa ina saa zake, na hii ikifika saa nane mchana ni ya kumwagwa. Waliotangulia walikuwa wameshapangiwa dozi zao, na iliyobaki ilikuwa moja. Chupa nyingine haikutarajiwa kabla ya wiki iliyofuata. Na kesho yake alfajiri Mama Pacha alikuwa anasafiri na watoto na Dani kwenda kwao ziwani kwa miezi kadhaa, mahali ambapo ndugu zake walikuwa wamempigia simu kusema surua inapita nyumba hadi nyumba. Akidungwa aliyekwisha kudungwa, hatadhurika, lakini mwenzake atakwenda huko bila kinga.

"Baraka anajua," Matron akawaambia. "Ngojeni dakika kumi."

Ili wasichanganywe tena wakati wa kungoja, Matron alichukua kalamu akawaandika watoto herufi ya kwanza ya jina kwenye mkono. Opiyo akaandikwa O. Odongo akaandikwa O. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake kwa kuridhika. Ni Dani aliyeshtukia kwanza, naye alifunika uso wake kwa leso, mabega yakitikisika.

Nyinyi mnajua Unix ina folda iitwayo bin. Msidanganyike na jina, si pipa la taka. Ni kabati la vyombo vya jikoni. Cha kuorodhesha faili kimo humo, cha kunakili kimo, cha kuhamisha, cha kutoa ruhusa, vyote vimo. Bila kabati hilo una jiko na unga lakini huna mwiko wala sufuria. Sisi tulikuwa na bin, na kando yake nakala ya zamani iliyoitwa bin.zamani. Tulitaka kuondoa ya zamani.

Ouma aliketi kwenye kibodi. Mimi nilisimama nyuma yake nikimtajia. Rm, nafasi, kistari, r, f, nafasi, mkwaju (ule mstari ulioegama), bin. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema nukta, niendelee na zamani, mlango ukafunguliwa, mopu ikaniangukia begani, na Matron akaingia na thamosi ya chai na vikombe. Ilikuwa saa nne, na katika kliniki ile chai ya saa nne haikungojwa na mtu. Akamimina, akasema, "Mzee, tuombee chai."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nikiambiwa tuombee, siulizi tulikuwa wapi. Nilifumba macho, nikaombea chai, nikaombea waliochuma majani, nikaombea ng'ombe waliotoa maziwa. Nikaombea Baraka na Neema, nikaombea watoto walio kwenye benchi, na kwa jinsi Roho alivyoniongoza nikaombea pia kazi ya mikono yetu. Ouma, mtu mtiifu, alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikiwa palepale vilipokuwa.

Nikasema, "Amina."

Matron akaitikia Amina. Na kidole cha Ouma, ambacho kilifundishwa miaka mingi kufanya jambo moja kikisikia neno hilo, kikashuka.

Nilisikia ile sauti ndogo ya kitufe. Tak. Nikafumbua macho.

Ouma alikuwa bado amefumba yake. Aliyafumbua taratibu, akaitazama skrini, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mzee, nimesema Amina na mkono."

Rm, amri ya kufuta, ni mtumishi asiyeuliza maswali, hasa ukimwambia f, yaani lazimisha. Alikuwa amemaliza kabla mvuke wa chai haujapungua. Ouma akaandika ls, amri ya kuorodhesha faili. Mashine ikajibu kwamba haijui kitu kinachoitwa ls. Akajaribu cp. Haijulikani. Akajaribu mv. Haijulikani. Ni kama mtu aliyeamka kitandani akakuta mkewe anamwuliza, wewe nani.

"Mmejaribu kuzima na kuwasha?" akauliza Matron.

Hapo nitasimama kidogo niwafundishe jambo, kwa sababu huku Nairobi hiyo ndiyo dawa yetu ya kila kitu, kuanzia redio hadi ndoa. Mara nyingi hufaa. Siku hiyo ingetumaliza. Dirisha lile la skrini ambamo Ouma alikuwa akiandika lilikuwa bado hai, kwa kuwa programu ikishaingia kwenye kumbukumbu haihitaji tena faili yake. Lilikuwa kama mpangaji ambaye nyumba yake imebomolewa huku yeye bado ameketi kwenye kiti, kikombe mkononi. Akiinuka, hana pa kurudi. Tukifunga dirisha lile, hatuingii tena. Tukizima mashine, haiwaki, kwa maana vinavyoiamsha vilikuwa vimeondoka pamoja na kabati.

Nilimweleza Matron. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, kisha macho yake yakaenda kwenye swichi ukutani. Ouma aliyaona. Aliinuka akasimama mbele ya swichi, amepanua mikono kama golikipa wa penalti, na Matron akatoka nje akinung'unika kwamba kwake nyumbani televisheni hupona hivyo.

Mtaniuliza, Mzee, nakala ya akiba je? Swali zuri. Kila Ijumaa nilichomeka diski ya nje nikanakili, na nilijivunia uaminifu huo hata katika ushuhuda wangu kanisani. Siku hiyo niliifungua diski kwenye kompyuta ya mapokezi. Kulikuwa na nyimbo za kwaya. Ijumaa baada ya Ijumaa, nilikuwa nimenakili folda iliyo chini ya ile niliyoitaka, kwa sababu miwani yangu ya kusomea huwa naivua nikisimama. Nyimbo zote zilikuwa salama, pamoja na mazoezi ambamo waimbaji wa sauti ya tatu walipotea njia. Kadi ya mtoto hata moja haikuwepo. Jifunzeni hapo. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiiite nakala. Tumaini ni la mambo ya mbinguni, diski ijaribiwe.

Nikampigia Mama Kavata, aliyekuwa akimtunza Neema kule Kibera.

Sasa, sisi Wakamba wa umri wetu hatuanzi na shida. Aliniuliza habari ya nyumbani. Nikajibu. Akauliza magoti yangu. Nikamwambia yanamshukuru Mungu. Akauliza kama Machakos mvua imegusa. Nikamwuliza ya Kitui. Ouma, akiwa bado ameilinda swichi, alianza kunifanyia ishara za mkono kana kwamba anasukuma gari lililokwama matopeni. Ndipo nikasema, "Mwalimu, tumefuta bin."

Akauliza, "Dirisha mmelifunga?"

"Bado."

"Usilifunge. Hata kliniki ikishika moto, beba lile dirisha mtoke nalo. Nani alisema Amina?"

"Mimi, Mwalimu. Lakini ilikuwa ya chai."

Nilisikia akiiweka simu mezani. Alikaa mbali nayo kitambo. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefuta machozi, na sidhani yalikuwa ya huzuni.

Tukaanza. Jambo la kwanza alilonifundisha siku hiyo ni kuhesabu kilichobaki kabla ya kulilia kilichokwenda. Ls imekufa, sawa, lakini echo imo ndani ya lile dirisha lenyewe. Ukiandika echo na nyota, majina ya faili zote yanatokea. Tukatembea ndani ya Baraka hivyo, tukipapasa kama watu gizani. Vyombo vya bin.zamani vilikataa kufanya kazi, maana vilikuwa vya mfumo wa zamani na ule mpya haukuvitambua. Tukakuta kwamba kabati la pili, bin iliyo ndani ya usr, lilikuwa zima. Humo mlikuwa na wget, mtumishi wa kuleta faili kutoka mashine nyingine.

Najua kuna wataalamu kati yenu mnaopiga kelele kwamba humo mlikuwamo pia chombo fulani ambacho kingemaliza kazi kwa mstari mmoja. Labda kilikuwemo. Mtu ambaye nguo zake zinaungua hakumbuki mtungi uko upande gani wa jiko.

Kwa kuwa Neema ni pacha wa Baraka, kabati lake lilikuwa sawa na letu, kijiko kwa kijiko. Mama Kavata akaliweka mahali ambapo wget angeweza kulifikia. Kwetu hakukuwa na folda ya kupokelea, na chombo cha kutengeneza folda ndicho hicho kilichofutwa, lakini wget ukimwambia aweke vitu mahali pasipokuwepo, hupajenga mwenyewe. Ouma akaandika. Nikasoma herufi kwa herufi. Nilipofika mwisho nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Sema, Mzee," akasema Ouma.

"Naogopa."

"Basi sema bonyeza."

Nikasema bonyeza. Vyombo vikaanza kuingia, kimoja kimoja, kutoka Kibera. Ilikuwa imefika saa sita. Mlangoni Mama Pacha alikuwa amesimama na mtoto mmoja mgongoni, akauliza kwa upole kama dakika kumi zile za Matron zimebaki ngapi. Nilimwona akiitazama mikono yangu, na nikaona kwamba haamini mashine, anaamini tu kwamba mzee hawezi kumdanganya. Hilo lilinilemea kuliko bin.

Vyombo vyote vilipofika, Ouma akaita ls. Mashine ikasema ruhusa imekataliwa.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka mshike. Faili ikiletwa namna hiyo hufika bila ruhusa ya kufanya kazi. Ni daktari bila leseni. Chombo cha kutoa ruhusa kinaitwa chmod, na tulikuwa naye, amefika salama, lakini yeye mwenyewe pia hakuwa na ruhusa. Mmeshawahi kwenda kwa chifu kuomba barua, mkaambiwa mlete kwanza barua ya chifu? Ndivyo tulivyokaa. Saa sita na nusu. Saa saba kasorobo. Mama Kavata kwenye simu alikuwa akifikiri, na nilimsikia akigonga meza kwa kalamu.

Kisha akasema polepole, "Ukimimina faili mpya juu ya faili ya zamani, jina na ruhusa vinabaki vya zamani. Ni kama joho la kwaya. Mlinzi wa mlango haulizi aliyelivaa kama anajua kuimba. Tafuteni programu yenye ruhusa, ambayo hamuihitaji kabisa, mmimine chmod ndani yake."

Programu ambayo hatuihitaji kabisa. Niligeuka kumtazama Ouma. Ouma alikuwa tayari ananitazama.

"Mzee," akasema, "si ng'ombe."

"Ndiye."

"Mzee, huyo nimemlea."

Nikamwambia kwamba nilimwagiza amtoe mara nyingi, naye akanidanganya kila mara, na leo Mungu ametumia udanganyifu wake kutuwekea sadaka. Ouma akamwita mara ya mwisho. Kumbe yule mnyama hakuwa amekaa ndani ya bin, alikuwa kwenye folda ya michezo, hakuguswa na lolote. Akatokea kwenye skrini, pembe mbili, mkia, akasema, "Niaje Ouma." Ouma akamjibu, "Poa, ndugu yangu," akaandika amri ya kummwagia chmod. Nikaisoma yote. Nikasema bonyeza.

Ndipo tukaandika amri ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusoma kwa sauti. Tulimwambia ng'ombe atoe ruhusa kwa vyombo vyote vya bin.

Hakuna kilichotokea. Mstari mtupu.

"Hajasema kitu," akasema Ouma.

"Unix ikinyamaza imekubali," nikamwambia, kwa ujasiri nisiokuwa nao. "Iite ls."

Akaiita. Majina yakamwagika skrini nzima. Ouma alikumbatia mopu iliyokuwa karibu. Mama Kavata, kwenye simu, alisema tu, "Haya, washeni programu ya kadi kabla hamjaanza kucheza," na akatukumbusha kwamba vyombo vichache kama su na mount vina ruhusa yao ya pekee, tuvirudishie jioni kwa utulivu. Tukaiondoa bin.zamani pia, tukiwa wawili, macho wazi, bila chai chumbani.

Saa saba na nusu kadi ilifunguka. Tulikuwa tumejazana mbele ya skrini, Matron, Mama Pacha, Dani na sisi wawili, watoto wakivuta waya. Matron akasoma. Odongo, surua, amedungwa. Opiyo, joto limepanda, arudi akipona.

Dani aliinua tu ule mkono wake ulioshika mguu, akautazama mbele na nyuma, kama mtu anayetazama pete.

"Sasa hii nitaisikia mpaka tufike ziwani," akasema Mama Pacha, akicheka huku machozi yakimtoka, akamvua Opiyo shati. Aliyemvua ndiye Opiyo kweli, maana mama huwajua wanawe. Herufi za Matron hazikusaidia. Akadungwa saa nane kasoro kidogo. Akapiga kelele iliyosikika nadhani hadi Kibera, na sijawahi kusikia kwaya iliyonifurahisha hivyo.

Matron akakunja mikono akasema, "Mzee, waombee safari."

Nikafumba macho nikaanza. Lakini katikati ya maombi nilifumbua jicho moja, Mungu anisamehe. Ouma alikuwa amesimama mbali na kibodi, mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na askari.

Miezi mingi baadaye Mama Pacha alirudi kutoka ziwani na wote wawili, wamenenepa, hakuna aliyeguswa na surua. Alituletea mandazi. Ng'ombe naye nilimruhusu arudishwe, nikamwomba Ouma abadilishe salamu tu. Sasa husema, "Bwana asifiwe, Ouma." Na kile kitufe tulikirudishia jina lake la Enter, kwa maana nimejifunza kwamba neno takatifu si la kutumiwa kama kitasa cha mlango.

Basi wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe macho ya kusoma kabla ya kubonyeza, mwalimu asiyekucheka mbele yako, na rafiki ambaye ukosefu wake wa utii utakuokoa siku usiyoijua. Akulinde wewe na wale ambao majina yao yametiwa mikononi mwako. Akifuta, afute makosa yako tu, na akuachie bin yako.

Sasa toa mikono kwenye kibodi, tuseme pamoja: Amina.